Mama Prezida na Filimbi Iliyorudisha Maji

Kwa muda wa karibu mwaka mzima niliamini, bila tone la shaka, kwamba Mama Prezida wa kamati ya maji ya kartier, yaani mtaa wetu, aliyarudisha mafuriko nyuma kwa filimbi. Wala sikuamini kwa kusema "labda". Niliamini kama mtu anavyoamini kwamba jua litachomoza upande wake wa kawaida. Nilimsimulia kila mteja aliyekalia kiti changu cha kinyozi. Nilimpigia shemeji yangu wa Likasi nikamsimulia mpaka salio la simu likakata pumzi. Siku moja nilikaribia kupigana na dereva wa teksi aliyethubutu kucheka. Mimi huyo, niliyemaliza masomo ya jioni, mwenye diploma niliyoitundika ukutani kuelekea kioo ili mteja aione mbele na nyuma!

Tena mimi sikusimuliwa, niliona. Siku ile mvua ilimwagika kama vile huko juu kuna mtu amesahau kufunga. Kijito kilicho nyuma ya kanisa letu hapa Kasungami, Lubumbashi, ambacho wakati wa kiangazi kuku hukivuka bila kulowesha goti, kiliinuka kama mtu aliyetukaniwa mama. Kikaingia kwenye mashamba ya mboga, kikaingia vyooni, kikaingia visimani, halafu kikaingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Maji yalipofika kwenye robine, bomba la watu wote, hatua chache tu kutoka saluni yangu, Mama Prezida alikuwa amesimama juu ya beto, sakafu ya saruji ya robine. Kitenge chake cha kwaya alikuwa amekikunja hadi magotini, filimbi iko mdomoni, mashavu yamevimba kama mipira miwili. Akapiga. Akapiga tena. Mimi nilikuwa juu ya meza, nimekumbatia betri ya mashine yangu ya kunyolea kama mtoto mchanga. Maji yakafika kwenye ukingo wa beto, yakamtazama, naapa yakamtazama, halafu yakaanza kurudi yalikotoka.

"Umeona?" nilimwuliza mteja wangu, aliyekuwa amesimama juu ya kiti na kichwa nilichokwisha kukinyoa nusu.

"Nimeona, wee!" akasema. "Mayi inamuogopa."

Kichwa kile nusunusu kilikuwa shahidi wangu. Nani atamkanusha mtu aliyeacha kunyolewa ili atazame?

Sitasema Mama Prezida alizaliwa wapi wala baba yake alifanya kazi gani. Katika mji huu kila baba alifanya kazi mgodini au kwenye reli, na hadithi hiyo haijamkata mtu kiu. Nitasema alivyokuwa pale robineni, kwa maana pale ndipo nilipomfahamu kwa miaka, mkono wangu ukiwa na mashine na shingo yangu imegeukia dirishani. Wateja wengine wameondoka kwangu bila nyusi kwa sababu yake.

Alikuwa mnene wa kutosha, mwenye sauti ya kutosha watu kumi, na alivaa viatu vya kisigino kirefu hata kwenye matope. Matope yalimjua. Kuhusu beto ya robine alikuwa na sheria kali: hakuna kupanda na viatu. "Hii beto iko meza yetu," alisema. "Ku nyumba yako, unapandaka na viatu ku meza?" Watu walivua kandambili, wakapanda peku, wakateka maji. Na yeye? Yeye alisimama katikati ya meza yetu na visigino vyake, ko-ko-ko, akitukagua vidole vya miguu.

Msemo wake mwingine ulikuwa kwamba kwenye robine hakuna mkubwa. Aliusema kila asubuhi, akiwa amesimama kando ya bidon, dumu lake mwenyewe la manjano, ambalo sijaliona hata siku moja likiwa nafasi nyingine isipokuwa ya kwanza. Papa Depo, mwenye depo ya bia iliyo mkabala nasi, mtu wa asili ya Kasai, mfanyabiashara hodari na mbishi mwenye kipaji, hakuweza kulivumilia jambo hilo.

"Mama Prezida, na hii bidon ya mbele ni ya nani?"

"Ni ya kamati."

"Aa. Na kamati inapikaka chai?"

"Kamati iko na kiu kupita weye, Papa Depo. Weye kiu yako bantu bote tunajua unaimalizaka na nini."

Foleni nzima ilianguka kwa kicheko, mabidon yakagongana. Papa Depo naye alicheka. Wawili hao walikuwa wakitukanana kwa heshima kubwa tangu enzi zile robine ilipokuwa bomba moja tu lenye kulia kama mtoto, na nadhani siku ambayo mmoja angenyamaza, mwingine angeugua.

Filimbi yenyewe aliinunua kwa ajili ya foleni hiyo. Filimbi fupi: anayefuata aje. Ndefu: kuna mwenye miguu michafu. Ndefu yenye kutetemeka: kuna wanawake wanakaribia kushikana nywele. Mbwa wa kartier yetu wote walizielewa, binadamu walizielewa kwa shida zaidi.

Mafuriko yalipopita yalituachia kazi ambayo sidhani mji wowote duniani umeiona, kuanzia hapa hadi China. Bomba lililoleta maji kwenye robine lilikuwa limekatika na kuondoka. Kipande chake kimoja kilionekana shambani kwa watu, kimepumzika kati ya mabiringanya. Vyoo vilikuwa vimejaa na kumwagika, na visima vyetu vya uani, ambavyo tulivichimba karibu na vyoo kwa sababu mtu anapenda vitu vyake viwe karibu, vilikunywa vyote vilivyomwagika. Nadhani umenielewa, sitaendelea.

Watu wa shirika moja walikuja na gari lao na fulana zao. Walitengeneza bomba upya, wakainua tanki juu zaidi, wakaleta dawa ya kusafisha maji na vibamba vya saruji vya kufunikia mashimo ya vyoo. Lakini watu wa shirika wana tabia ya kuondoka. Kilichobaki kilimbakia Mama Prezida.

Bomba lilipotengenezwa, maji yakaja, na Mama Prezida akakataa kuyafungua. Akakaa juu ya beto na ufunguo wa vana, wa kufungulia bomba, ndani ya kitenge, akisubiri dawa ifanye kazi na watu wa vipimo waseme ndiyo. Kartier ilikuwa na kiu, kartier ikampigia kelele. Mimi mwenyewe nilimpigia kelele, kwa sababu kinyozi bila maji ni mtu mwenye mkasi tu. Hakutoka. Na siku alipofungua, maji yalinuka dawa kama korido ya hospitali, watu wakarudi nyuma na mabidon matupu. Ndipo akajaza glasi, akainua juu kila mtu aione, akanywa yote. Uso wake ukajikunja kama mfuko wa plastiki kwenye moto.

"Tamu," akasema.

"Mama, usidanganye!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Haya. Haiko tamu. Hata mimi siipendi hii harufu. Lakini napenda kuzeeka kupita namna naichukia. Anayefuata!"

Kuna jambo moja tu kuhusu siku zile ambalo sijawahi kulitia chumvi. Ugonjwa wa tumbo uliingia nyumba kadhaa, na katika nyumba inayopakana na saluni yangu kulikuwa na kitoto cha kike, Gracia, kinachoanza tu kutembea. Siku moja mchana kililegea kama kitambaa. Mama yake alikuwa sokoni. Mama Prezida alikibeba mgongoni, akaondoka mbio kuelekea kituo cha afya na visigino vyake, kimoja kikavunjika njiani na hakusimama kukiokota. Gracia yuko, leo anakimbia na kuniibia vitana. Lakini jioni ile Mama Prezida alirudi akichechemea, mguu mmoja juu mmoja chini, akapita mbele ya Papa Depo bila kumtupia hata tusi dogo. Papa Depo aliingiza kreti zake ndani mapema, akafunga.

Baada ya hapo vita vyake vilikuwa vyoo. "Choo iko kama mukwe," alitufundisha kwenye kila mkutano. "Unamuheshimu, lakini haumulazie karibu na kisima." Alitaka vyoo vyote vya upande wa chini vijengwe upya juu ya ukuta wa matofali, ili maji yakija yapite chini bila kubeba mzigo. Ni jambo la akili. Lakini choo cha juu kinapandwa kwa ngazi, na ukishapanda ngazi nusu ya Kasungami inakuona. Tulivipa majina: balkoni, ikulu, uwanja wa ndege. Mtu akipanda, jirani alimwuliza, "Safari njema, unarudi lini?"

Mzee mmoja wa avenyu yetu alikataa kabisa kukipanda chake. Mkwewe wa kiume alikuwa amepanga chumba cha pili cha uani, na mzee akatangaza kwamba afadhali afe kuliko aonekane na mkwe akipanda kwenda kule. Tulimwelewa. Bukwe, ile aibu ya wakwe, ni bukwe. Huyo mkwe alikuwa akimwona mzee barabarani anageuka na kusoma kuta. Mzee akawa anakwenda porini alfajiri, yaani kazi yote ya matofali ilikuwa bure. Mama Prezida hakubishana naye. Alikwenda akapima na mikono yake, akaita mafundi wakazungusha choo, mlango na ngazi vikaelekea ukuta wa nyuma, akazungushia matete hadi juu. Halafu akamwita yule mkwe mbele ya watu: "Weye, mutoto. Kila asubuhi ukiamuka, uimbe. Ukiimba, mukwe wako anajua uko wapi. Ukinyamaza, anajua umelala." Kijana alikuwa na sauti mbaya sana. Mpaka leo avenyu nzima inaamshwa naye, lakini mzee anapanda ikulu yake kwa amani.

Hata kwenye kilio hakutuacha. Kwetu, watu wakiisha kumzika mtu, wananawa mikono kwenye beseni moja kabla ya kula bukari, ugali wetu, na anayekataa beseni anaonekana ana jambo lake na marehemu. Baada ya mafuriko Mama Prezida alifika kwenye kilio, akamwaga lile beseni uani, watu wakashika midomo. Kisha akachukua jagi, akapiga goti, yeye na unene wake, akaanza kummiminia kila mtu maji mikononi kama vile mke mpya anavyowamiminia wakwe. Alianza na wafiwa, akafika kwa watoto, akafika kwa mlevi aliyekuwa amejipitisha tu kwa ajili ya chakula. Nani atamkatalia mtu mzima aliyepiga goti? Siku hizi kila kilio cha kwetu kina jagi, na familia zinagombania nani ashike jagi.

Sasa turudi kwenye filimbi, kwa maana nimekwisha kuona unaniangalia.

Habari ya filimbi iliondoka kwenye kiti changu ikazunguka Lubumbashi nzima, ikarudi kwangu imenenepa. Nilisikia kwamba maji yalipiga magoti. Nilisikia kwamba filimbi ilitoka kwa babu yake. Mwanamke mmoja alileta paa lake linalovuja, yaani alimleta Mama Prezida chini ya paa, akamwomba apige kidogo tu. Wachimbaji waliotoka upande wa Kinsevere walisimama kunyoa ndevu, wakataka waonyeshwe filimbi hata kwa mbali. Na Mama Prezida? Aliulizwa mara elfu moja na hakuwahi kusema ndiyo. Wala hakusema hapana. Alitabasamu upande mmoja, akasema, "Tutaona." Nikikumbuka vizuri, tangu siku za mafuriko foleni yake ilinyooka kama mstari wa daftari. Hakuna aliyesukuma, hakuna aliyepanda na viatu. Mtu aliyefukuza mto, wewe utabishana naye kuhusu bidon?

Kiangazi kilipokaribia kwisha, akatangaza salongo. Wasiojua salongo, ni kazi ya pamoja ya Jumamosi: kila nyumba inatoa mtu na chombo. Alitaka tuchimbe mfereji mpana kutoka juu ya avenyu hadi kijitoni, ili mvua zikirudi maji yapite pembeni, yasiguse robine, wala visima, wala zile ikulu zetu. Alisema waziwazi: bila mfereji, kila tulichokijenga kitaondoka kwa mchana mmoja, na Gracia wengine watabebwa mgongoni.

Jumamosi ya kwanza tulijaa kama harusi. Iliyofuata tulikuwa wachache. Mfereji ulishuka, ukashuka, ukafika karibu na saluni yangu, ukasimama. Ulisimama kwa sababu ili upite ilibidi kibanda changu kihame upande wa pili, na mimi nilikuwa nimetia rangi mpya. Lakini ulisimama zaidi kwa sababu ya maneno ambayo Papa Depo aliyasema siku moja akiwa amekaa kwenye kiti changu, povu limejaa kidevuni.

"Mufereji ya nini? Mi niko na mugongo ya kuuma. Siye tuko na filimbi."

Watu wote saluni wakasema ndiyo. Mimi nikasema ndiyo kuliko wote. Maneno hayo yakatoka mlangoni, yakaenda nyumba kwa nyumba. Jumamosi iliyofuata Mama Prezida alipiga filimbi ya salongo, na watu walitoka milangoni, wakampungia mkono kwa upendo, wakarudi ndani. Alikuja yeye, mama yake Gracia na yule mkwe mwimbaji. Nilimwona kwa dirisha, ameegemea koleo, anatazama filimbi iliyo mkononi mwake kama mtu anayemtazama mtoto aliyemkosea. Nikafikiri anaiandaa.

Siku hizi Mama Prezida hayupo tena na sisi. Usishtuke, yuko Lukafu, amekwenda kulima mahindi kwa dada yake, na nasikia huko nako kumeanza kuwa na kamati. Mfereji wetu unafika kijitoni. Unapita mahali palipokuwa na kiti changu, na mimi nanyoa upande wa pili wa avenyu. Mvua zilirudi, zikapita mferejini kwa makelele mengi, na robine ilibaki imekauka miguu. Kwa hiyo mwisho wa mambo umekwisha kuujua. Kilichobaki ni ile siku moja, kabla mfereji haujafika huko, alipoingia saluni.

Aliingia peke yake, saa ya mchana ambayo wateja huwa hawapo. Nje mawingu yalikuwa yamejikusanya meusi, mazito. Akakaa kwenye kiti, akafungua kitambaa chake cha kichwa.

"Uninyoe," akasema. "Fupi."

"Mama, nywele yote?"

"Nitaifanyia nini? Punguza."

Nikaanza. Ngurumo ikapita huko juu, nikaona kwenye kioo mabega yake yanashtuka. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Usiogope, mama. Filimbi iko."

Kisha akaivua shingoni, na ile kamba yake nyeusi kwa jasho, akanivalisha mimi. Akainuka na shuka langu la kunyolea likiwa bado limemfunga kama nabii, akachukua beseni langu la maji, akalimwaga lote sakafuni. Maji yakaanza safari yake kuelekea pembeni, pale ilipokuwa betri yangu.

"Piga," akasema.

"Mama!"

"Haraka, mutoto. Betri yako ndo ile. Piga irudi!"

Nikapiga. Mungu wangu anajua nilipiga. Nilipiga fupi, nikapiga ndefu, nikapiga ile ya kutetemeka. Mbwa wakaanza kulia mpaka kwa Papa Depo. Maji yalitembea taratibu, hayana wasiwasi, yakapita chini ya kiti, yakapita chini ya diploma, nikatema filimbi na kuruka na kuinua betri kwa mikono miwili. Papa Depo alikuwa amekwisha kufika mlangoni na watu wengine wanne nyuma yake, wote macho juu yangu.

Mama Prezida hakucheka. Alikaa tena kwenye kiti, kichwa nusu kimenyolewa, akanitazama kwenye kioo.

"Bote banasikilizaka mu hii kiti yako," akasema, "sasa basikie. Ile siku mvua ilikuwa imekatika kule juu, ndo maana mayi ilirudia. Mi nilikuwa napiga filimbi ya kuita bantu batoke mu manyumba. Na pale ku beto sikushuka kwa sababu sijue kuogelea."